Avery Brundage: mtu aliyeshika mlango wa Olimpiki kwa miaka 20

Kila unapofika wakati wa kuchagua viongozi wa wakimbizi katika makazi, maswali tunayoletewa ofisini huwa ni yale yale. Nani ana haki ya kupiga kura? Mbona jina langu halimo kwenye orodha? Na hao waliotuongoza miaka yote, walichaguliwa na nani? Maswali hayo si ya makazini tu. Yaliwahi kuulizwa, tena kwa hasira zaidi, kuhusu chombo kinachosimamia Michezo ya Olimpiki duniani. Leo tunasimulia maisha ya mtu aliyekuwa katikati ya maswali hayo kwa zaidi ya miaka 40.

Jina lake ni Avery Brundage, Mmarekani. Vijana wengi hawamjui. Wazee waliofuatilia habari za michezo redioni mwaka 1968 na 1972 huenda wanamkumbuka, na si kwa wema. Alipenda kusema kwamba michezo haina siasa. Lakini maisha yake yote yalikuwa kura, kampeni, orodha za wajumbe na ugomvi wa nani aingie na nani abaki nje.

Mtoto wa mchonga mawe

Brundage alizaliwa tarehe 28 Septemba 1887 katika mji wa Detroit. Baba yake alikuwa fundi wa kuchonga mawe. Avery alipokuwa na miaka mitano familia ilihamia Chicago, na muda si mrefu baba akaitelekeza. Mama alibaki akihangaika na kazi za mjini, na mtoto akalelewa kwa sehemu kubwa na wajomba na mashangazi. Alisambaza magazeti kabla ya kwenda shule. Alipopenda riadha hakuwa na pesa ya vifaa, kwa hiyo akajitengenezea mwenyewe vifaa vya kurusha kwenye karakana ya shule.

Nimeanza na hayo kwa makusudi. Mtu aliyekuja kukaa meza moja na wafalme na mabwana wakubwa wa Ulaya, na kuwaambia vijana maskini kwamba ni dhambi kupata hata senti moja kwa kukimbia, hakuzaliwa katika utajiri. Huenda ndiyo sababu alikuwa mkali kuliko wao. Aliamini kwamba yeye alijikwamua peke yake, na kila mtu anaweza kufanya hivyo.

Mwaka 1909 alihitimu uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1912 alikwenda Stockholm, Sweden, kushindana katika Olimpiki. Katika shindano la michezo mitano alikuwa wa sita. Katika lile la michezo 10 aliishiwa nguvu na hakumaliza. Mashindano yote mawili yalishindwa na Mmarekani mwenzake, Jim Thorpe, kijana wa asili ya Wahindi Wekundu. Mwaka uliofuata ilijulikana kwamba Thorpe aliwahi kulipwa pesa kidogo kwa kucheza besiboli, na medali zake zikachukuliwa. Sheria ya wakati ule ilisema mwanamichezo wa Olimpiki lazima awe wa ridhaa, yaani asilipwe kabisa. Baadaye, Brundage alipokuwa na cheo, aliombwa mara kwa mara amsaidie Thorpe kurudishiwa medali. Hakukubali. Thorpe alikufa mwaka 1953 bila kuzipata.

Brundage alianzisha kampuni yake ya ujenzi Chicago mwaka 1915. Alijenga maghorofa, viwanda na barabara, akatajirika. Mdororo wa uchumi wa mwaka 1929 ulimtikisa, lakini alinunua majengo wakati bei ikiwa chini na akainuka tena. Kuanzia hapo hakuhitaji mshahara wa mtu. Kazi za Olimpiki alizifanya bila malipo na kwa pesa zake mwenyewe. Hilo lilimpa heshima, lakini pia lilimfanya ashindwe kumwelewa mtu ambaye mbio zake ndiyo chakula cha watoto wake.

Kura ya mwaka 1935

Mwaka 1928 Brundage alichaguliwa kuongoza chama cha riadha ya ridhaa cha Marekani, na pia kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo. Miaka mitano baadaye Hitler alishika madaraka Ujerumani, na Olimpiki ya mwaka 1936 ilikuwa imeshapangiwa Berlin. Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wakifukuzwa kwenye vilabu vya michezo, kazini na shuleni. Marekani wengi wakauliza: twende au tusiende?

Mwaka 1934 Brundage alisafiri kwenda Ujerumani kujionea. Alizungumza na viongozi wa michezo wa Kiyahudi, lakini maofisa wa serikali ya Hitler walikuwepo wakisikiliza. Msomaji aliyewahi kuulizwa maswali na mgeni huku mkubwa wa eneo amesimama pembeni anajua majibu ya namna hiyo yanakuwaje. Brundage alirudi akasema ameridhika.

Mpinzani wake alikuwa jaji wa New York, Jeremiah Mahoney, aliyekuwa akiongoza chama cha riadha wakati huo. Desemba 1935 wajumbe walikutana New York. Kambi ya Mahoney ilitaka uchunguzi ufanyike kabla timu haijaenda. Brundage alizunguka akikusanya wajumbe mmoja mmoja. Hoja ya uchunguzi ilianguka kwa tofauti ya kura mbili na nusu tu. Timu ikaenda.

Kilichofuata kinaonyesha jinsi chombo kile kilivyofanya kazi. Marekani ilikuwa na mjumbe mwingine katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ile inayojulikana kama IOC. Aliitwa Ernest Lee Jahncke, mtoto wa mhamiaji kutoka Ujerumani, na alisema waziwazi kwamba michezo isifanyike Berlin. Julai 1936 wenzake walimfukuza. Kiti chake akapewa Brundage. Hivyo ndivyo alivyoingia.

Katika michezo yenyewe Jesse Owens, Mmarekani mweusi, alipata medali nne za dhahabu. Ya nne ilikuwa ya mbio za kupokezana vijiti. Asubuhi ya siku ya mbio hizo wakimbiaji wawili wa Kiyahudi, Marty Glickman na Sam Stoller, waliondolewa kwenye kikosi, na Owens na Ralph Metcalfe wakawekwa badala yao. Glickman alimlaumu Brundage kwa jambo hilo mpaka uzeeni. Brundage alikana kwamba Uyahudi wao ulihusika. Miaka miwili baadaye kampuni yake ya ujenzi ilipata barua ya kukubaliwa kushiriki ujenzi wa ubalozi mpya wa Ujerumani mjini Washington. Ubalozi huo haukujengwa, lakini barua ilibaki katika historia yake.

Nani alipiga kura Helsinki

Hapa inabidi tusimame kidogo tueleze uchaguzi wa IOC, maana wengi hudhani ni kama Umoja wa Mataifa, kila nchi na kura yake. Sivyo. Tangu Pierre de Coubertin wa Ufaransa alipoianzisha mwaka 1894, wajumbe wa kamati ndio wanaochagua wajumbe wapya. Mjumbe hatumwi na nchi yake kwenye kamati. Kwa maneno ya kanuni, yeye ni mwakilishi wa kamati katika nchi yake. Nchi moja inaweza kuwa na wajumbe wawili au watatu, na nyingine isiwe na hata mmoja. Wakati wa Brundage mjumbe akishaingia alikaa mpaka kufa, asipojiuzulu au kufukuzwa. Wengi walikuwa wana wa wafalme, majenerali na matajiri. Mwanamke hakuwepo hata mmoja. Afrika nzima ilikuwa na Misri na Afrika Kusini, na mjumbe wa Afrika Kusini alikuwa Mzungu.

Watu hao ndio waliokutana Helsinki, Finland, mwaka 1952 kuchagua rais mpya. Rais aliyekuwa akiondoka, Sigfrid Edström wa Sweden, alikuwa amemlea Brundage kwa miaka mingi na kumfanya msaidizi wake. Mgombea mwingine alikuwa Lord Burghley wa Uingereza, mtu wa ukoo mkubwa, aliyeshinda dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi mwaka 1928 na kuongoza maandalizi ya Olimpiki ya London mwaka 1948. Wazungu wa Ulaya wengi walimpenda huyo wa kwao. Wajumbe wa Amerika walikuwa na Brundage. Kura zilipohesabiwa, Brundage alipata 30 na Burghley 17. Akawa rais wa kwanza kutoka nje ya Ulaya. Alikuwa na miaka 64.

Kuna jambo aliloficha katika kampeni hiyo. Alikuwa na mke, Elizabeth, waliooana mwaka 1927 na hawakujaliwa watoto. Lakini mwaka 1951 na 1952 alizaa watoto wawili wa kiume na mwanamke mwingine, na akataka jina lake lisiandikwe kwenye vyeti vyao vya kuzaliwa. Aliwatunza kwa pesa, akawaona kwa siri, na dunia haikujua mpaka baada ya kifo chake. Simulizi hii singeigusa kama angekuwa mtu wa kawaida. Lakini huyu alikuwa akiwapima wengine kwa usafi wa maisha, na hofu yake ilikuwa kura.

Mwaka huo huo wa 1952 IOC ilipokea ombi ambalo wasomaji wetu watalielewa upesi. Wanamichezo waliokimbia nchi za Ulaya ya Mashariki baada ya wakomunisti kushika madaraka waliunda umoja wao, wakaomba waruhusiwe kushindana Helsinki kama watu wasio na nchi. Hawakuomba pesa wala bendera ya mtu. Jibu lilikuwa hapana. Sheria ilisema mwanamichezo huingia kupitia kamati ya Olimpiki ya taifa lake, na mkimbizi hana kamati. Muungano wa Sovieti, ambao baadhi ya watu hao walikuwa wakiukimbia, uliingia kwa mara ya kwanza mwaka huo huo kwa mlango wa mbele.

Mwaka 1956 jambo hilo likarudi. Majeshi ya Sovieti yaliingia Budapest wiki chache kabla ya Olimpiki ya Melbourne, na makumi ya wanamichezo wa Hungary hawakurudi nyumbani baada ya michezo. Uholanzi, Uhispania na Uswisi zilisusia kwa ajili ya Hungary. Misri, Iraki na Lebanoni zilisusia kwa sababu ya vita vya Suez. Brundage alizilaumu nchi zilizosusia. Kwake, mwanamichezo aliyeacha kukimbia kwa sababu mahali fulani mtu ameuawa alikuwa ameleta siasa uwanjani.

Tusimnyime haki yake. Ujerumani mbili, zilizokuwa hazisalimiani, zilileta timu moja mwaka 1956, 1960 na 1964, na yeye alisukuma sana jambo hilo. Katika suala la China na Taiwan alitukanwa na magazeti ya kwao Marekani kwa kutofuata matakwa ya serikali yake. Hakuwa kibaraka wa serikali ya Washington. Alikuwa na dini yake moja, nayo ni Olimpiki, na kila nchi aliipima kwa kipimo cha kama inaitii au haiitii.

Nairobi inafunga mlango

Afrika ndiyo iliyompa taabu kubwa kuliko wote. Afrika Kusini ilikuwa ikichagua timu ya Wazungu peke yao. Kwa mujibu wa kanuni za Olimpiki zenyewe, ubaguzi wa rangi ulikatazwa. Hata hivyo Afrika Kusini ilishiriki Roma mwaka 1960 bila tatizo.

Kikao cha IOC cha mwaka 1963 kilipangwa kufanyika Nairobi. Kenya ilikuwa tayari na serikali yake ya ndani, ikisubiri uhuru wa Desemba. Serikali hiyo ikasema wajumbe wa Afrika Kusini hawatapewa ruhusa ya kuingia nchini. Brundage alishikilia kwamba wajumbe wote waingie au kikao kihame. Kikahama, kikafanyika Oktoba Baden-Baden, Ujerumani Magharibi. Lakini huko huko Baden-Baden wajumbe waliitaka Afrika Kusini iachane na ubaguzi katika michezo, na iliposhindwa haikuonekana Tokyo mwaka 1964. Mwaka huo wa 1963 ndipo pia Mwafrika mweusi wa kwanza, Sir Adetokunbo Ademola wa Nigeria, alipoingia katika kamati.

Desemba 1966 nchi za Afrika zilikutana Bamako, Mali, zikaunda Baraza Kuu la Michezo la Afrika. Katibu mkuu wake alikuwa Jean-Claude Ganga wa Kongo-Brazzaville. Hawa walikuwa watu wa aina nyingine. Hawakuwa na viti vingi ndani ya IOC, kwa hiyo hawakutegemea kura za ndani. Walitegemea jambo ambalo Brundage hakuweza kulizuia: nchi ikiamua kutokwenda, hakuna anayeweza kuilazimisha.

Mwaka 1967 IOC ilituma wajumbe watatu kwenda Afrika Kusini kuangalia hali: Lord Killanin wa Ireland, Ademola wa Nigeria, na Reginald Alexander, Mzungu wa Kenya. Februari 1968, wakati wa michezo ya majira ya baridi Grenoble, Ufaransa, matokeo ya kura iliyopigwa kwa barua yalitangazwa. Afrika Kusini ingeruhusiwa kwenda Mexico, kwa ahadi kwamba timu itakuwa na weusi na weupe chini ya bendera moja. Mchujo wa kuwapata wanamichezo, hata hivyo, ungeendelea kufanyika kwa rangi mbalimbali.

Algeria na Ethiopia zilijitoa mara moja. Nyingine za Afrika zikafuata, Muungano wa Sovieti ukaonyesha kwamba nao unaweza kufuata, na wenyeji Mexico wakaanza kuona viwanja vitupu. Brundage alikuwa akisema IOC haitishwi. Lakini Aprili bodi ya utendaji ilikutana Lausanne, Uswisi, na wajumbe wakapiga kura tena: mwaliko wa Afrika Kusini ukafutwa.

Kwa hiyo Waafrika walikwenda Mexico. Naftali Temu akaipa Kenya dhahabu yake ya kwanza katika mita 10,000, Amos Biwott akashinda mbio za kuruka viunzi na maji, Kip Keino akashinda mita 1,500. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda maratoni, na John Stephen Akhwari wa Tanzania akaimaliza maratoni hiyo hiyo akiwa wa mwisho, mguu umefungwa bendeji. Hadithi hizi tunawasimulia watoto kama hadithi za mbio tu. Kura ile ya Aprili isingepigwa, huenda tusingekuwa nazo.

Katika michezo hiyo Wamarekani weusi wawili, Tommie Smith na John Carlos, waliinua ngumi zenye glavu nyeusi jukwaani. Brundage alisisitiza waondolewe, na wakaondolewa. Kule Berlin mwaka 1936 saluti ya Kinazi ilipigwa uwanjani na yeye hakuiona kuwa siasa. Wengi walimkumbusha hilo.

Mei 1970, Amsterdam, Afrika Kusini ilifukuzwa rasmi katika Olimpiki kwa kura 35 dhidi ya 28, wajumbe watatu wakijizuia. Hesabu hiyo inastahili kuangaliwa vizuri: baada ya miaka kumi ya mabishano, karibu nusu ya ukumbi bado ilikuwa upande wa pili. Na kwa sababu mjumbe wa IOC hatumwi na nchi yake, Reginald Honey wa Afrika Kusini aliendelea kukaa kwenye kiti chake na kupiga kura. Nchi ilikuwa nje, mjumbe yumo ndani.

Munich

Brundage alikuwa amechaguliwa tena mwaka 1960, 1964 na 1968. Alifika Munich mwaka 1972 akiwa na miaka 84, mke wake amefariki mwaka uliotangulia, na hicho ndicho kilikuwa kikao chake cha mwisho. Alitamani kuondoka kwa amani.

Safari hii suala lilikuwa Rhodesia, koloni ambalo Wazungu wachache walijitangazia uhuru mwaka 1965 ili wasiwape Waafrika walio wengi kura. IOC ilikuwa imekubali timu yake ishiriki, wachezaji weusi wakiwemo, kwa bendera ya zamani ya kikoloni na kama raia wa Uingereza. Timu ilikuwa imeshafika kijijini cha wanamichezo. Nchi za Afrika zikasema: wakibaki hao, sisi tunaondoka. Brundage alipigania Rhodesia ibaki. Siku nne kabla ya ufunguzi, tarehe 22 Agosti, kura zilikuwa 36 za kuitoa na 31 za kuibakiza, wajumbe watatu hawakuchagua upande. Rais alishindwa katika ukumbi wake mwenyewe. Siku hizo hizo wajumbe walimchagua Lord Killanin awe mrithi wake.

Timu za Afrika zikabaki. Tarehe 2 Septemba John Akii-Bua wa Uganda alishinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia. Ni mbio zile zile alizoshinda Lord Burghley mwaka 1928. Mwaka 1979, vita vilipomwondoa Idi Amin, Akii-Bua alikimbia na familia yake kuvuka mpaka na akawa mkimbizi nchini Kenya. Nimemtaja kwa kuwa vijana wengi wanaokimbia kwenye viwanja vyetu vya vumbi hawajui kwamba bingwa wa Olimpiki naye aliwahi kulala kambini.

Alfajiri ya tarehe 5 Septemba wapiganaji wa Kipalestina waliingia kijiji cha wanamichezo na kuwateka Waisraeli. Hadi usiku wa siku ile ulipokwisha, Waisraeli 11 walikuwa wameuawa. Kesho yake watu walijaa uwanjani kwa ibada ya kumbukumbu. Brundage alisimama akatangaza kwamba michezo itaendelea. Hadi leo wapo wanaoona alikuwa sahihi, na wapo wanaoona ilikuwa ukatili kwa wafiwa. Lakini hakuishia hapo. Katika hotuba ile ile aliyataja mauaji pamoja na suala la Rhodesia, kana kwamba ni mashambulizi mawili ya namna moja. Watu 11 walikuwa wamekufa, na yeye bado alikuwa na uchungu wa kura aliyoshindwa wiki mbili nyuma. Wajumbe wa Afrika walikasirika sana, na ikambidi atoe taarifa ya kujieleza.

Mimi nimesoma habari za mtu huyu kwa muda, na kila nikifika kwenye hotuba hiyo nafikiri kwamba hakuwa anafanya unafiki. Aliamini kweli. Kwake, kulazimishwa na Waafrika kubadili uamuzi kulikuwa jeraha kwa Olimpiki, sawa na bunduki. Mtu akikaa kwenye kiti miaka 20, akichaguliwa na wenzake wale wale, huanza kuona kila anayebisha hodi ni mvamizi.

Baada yake

Alirudi Marekani. Mkusanyo wake mkubwa wa sanaa za Asia, aliokuwa ameanza kuutoa kwa mji wa San Francisco tangu mwaka 1959, ulizaa jumba la makumbusho ambalo bado lipo. Mwaka 1973 alioa tena, binti wa ukoo wa kifalme wa Ujerumani, Mariann Reuss, mdogo kwake kwa miaka mingi. Alikufa tarehe 8 Mei 1975 huko Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani, mji ulioandaa michezo ya majira ya baridi ya mwaka 1936. Alizikwa Chicago.

Mambo mengi aliyoyazuia yalipita baadaye. Rhodesia ilirudi mwaka 1980 ikiitwa Zimbabwe. Wanawake wawili wa kwanza waliingia IOC mwaka 1981. Jina la Jim Thorpe lilirudishwa kwenye orodha ya washindi mwaka 1982, naye akiwa kaburini karibu miaka 30. Sheria ya ridhaa ilikufa taratibu. Afrika Kusini ilirudi Barcelona mwaka 1992 ikiwa na wachezaji wa rangi zote. Machi 2025 wagombea saba waliwania urais wa IOC huko Ugiriki, na muogeleaji wa zamani kutoka Zimbabwe, Kirsty Coventry, alishinda katika duru ya kwanza kwa kura 49 kati ya 97. Ni rais wa kwanza mwanamke na wa kwanza kutoka Afrika, na baada ya Brundage ni wa pili tu kutoka nje ya Ulaya. Namna ya kuwapata wapiga kura haijabadilika sana, ingawa siku hizi kuna ukomo wa umri na wa vipindi vya uongozi. Wajumbe bado wanachaguana.

Na lile ombi la mwaka 1952? Lilingoja miaka 64. Mwaka 2016, Rio de Janeiro, wakimbizi 10 waliingia uwanjani nyuma ya bendera ya Olimpiki kama timu yao wenyewe. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka Kenya, na wawili walikuwa wachezaji wa judo kutoka Kongo, Popole Misenga na Yolande Mabika. Mmoja wa wale wakimbiaji, Yiech Pur Biel, aliyekulia katika kambi ya Kakuma, alikimbia mita 800. Hakupita mchujo wa kwanza. Mei 2022 wajumbe wa IOC walipiga kura kumwingiza katika kamati, na tangu siku hiyo ana kiti na kura katika ukumbi ule ule.